Kuchagua propela mpya ya boti ya matanga yenye injini ya dizeli

Karibuni watazamaji. Leo ni propela, kitu ninachokipenda kuliko vyote vilivyo chini ya maji kwenye boti.

Boti iko juu, nchi kavu, tayari nimeshaparua. Ya zamani hii hapa. Sogeza kamera hapa kwenye panga, hili jani linalosukuma maji. Mnaona hii rangi ya waridi? Siyo uchafu. Propela nyingi zinazoitwa za bronzi kwa kweli zina zinki nyingi ndani, na anodi, kile kipande cha chuma kinacholiwa badala ya propela, ikiisha bila kubadilishwa, chumvi inaila ile zinki, inabaki shaba yenye vitundu vitundu. Sikilizeni nikiigonga... Umesikia? Dho. Nzima ingelia kama kengele. Hii hainyooshwi wala haichomelewi tena, inatupwa. Mpya, kama mfuko unaruhusu, chukua ya bronzi ya nikeli na alumini. Inastahimili zaidi.

Sasa tusome kitovu, hapa katikati mapanga yanapoungana. Ngoja, jua linapiga, namba hazionekani. Niwekee kivuli hapo... zaidi kidogo... haya. 15 RH 10. Ya kwanza ni kipenyo, inchi 15, kutoka ncha hadi ncha ya duara ambalo mapanga yanachora. Ya mwisho ni pichi, inchi 10. Pichi ni mwendo ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. RH maana yake inazunguka kulia ukiwa umesimama nyuma ya boti, unatazama mbele, gia ikiwa ya mbele. LH ni kushoto. Ukikosea hapo, utaweka gia ya mbele na boti itarudi nyuma.

Usikimbilie kuagiza 15 kwa 10 nyingine. Kwanza ujiulize: injini ni ileile iliyokuja na boti? Giaboksi ni ileile? Boti nyingi zimebadilishwa injini, propela ikaachwa. Basi twende kwenye giaboksi, kuna kibati chenye uwiano. Hapa ni 2 kwa 1. Injini hii mizunguko yake ya juu ni 3000 kwa dakika, kwa hiyo shafti, ule mhimili unaobeba propela, inazunguka 1500. Zidisha kwa pichi ya inchi 10, unapata inchi 15,000 kwa dakika, ambazo ni kama noti 12.3, yaani maili za baharini 12.3 kwa saa.

Lakini boti haiendi hivyo. Urefu wake kwenye mstari wa maji ni futi 25. Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, zidisha kwa 1.34, unapata noti 6.7, na hapo ndipo boti nzito ya aina hii inapogota. Kwa hiyo karibu nusu ya mwendo wa propela inapotelea majini. Msishtuke, kwa boti ya matanga ni kawaida. Ukipiga hesabu ukaona inapotea kidogo sana au nyingi mno, kuna namba umeisoma vibaya.

Nafasi kati ya ncha ya panga na bodi: isipungue asilimia 10 ya kipenyo, na mimi napenda 15. Kwa propela hii ni inchi moja na nusu hadi mbili na robo. Ikibana zaidi, boti nzima itatetemeka.

Mapanga mangapi? Mawili yanakokota maji kidogo ukiwa kwenye matanga, na yakisimama wima nyuma ya mkuku, uti wa chini wa boti, yanajificha. Weka alama ya rangi kwenye shafti ndani ya boti ujue yamesimamaje. Matatu yanatulia na yana nguvu kwenye rivasi. Kuna za kukunja, na kuna zile ambazo mapanga yake yanajigeuza kufuata maji. Hizo za kujigeuza ndizo nizipendazo, maana rivasi yake ni nzuri, ila zinataka grisi kila boti inapopanda. Mtu wa kutembea kwa injini muda mwingi achukue matatu ya kawaida.

Haya, sasa tulieni, hapa ndipo watu wanaharibu. Mchongoko wa shafti, yaani jinsi mwisho wake unavyopungua unene. Upo wa 1 kwa 10, wa 1 kwa 12, wa 1 kwa 16, na kwa macho vyote vinafanana. Pima kipenyo kwenye upande mnene, pima upande mwembamba, pima urefu kati yake. Kalipa, hiki kipimo changu, imeteleza, narudia... sawa. Usikadirie! Tofauti ndogo tu, na propela inashika ukingo mmoja badala ya kukaa mwili mzima.

Propela ikishafika, ijaribu bila kii, kile kipande cha chuma kinachozuia propela isizunguke juu ya shafti. Isukume mpaka ikae, chora alama kwenye shafti pale kitovu kilipoishia. Itoe kwa pula, kifaa cha kuvutia, siyo kwa nyundo, nyundo inaumiza beringi za giaboksi. Kisha weka kii, irudishe. Lazima ifike kwenye alama ileile. Nasema tena: ileile. Isipofika, kitovu kimepanda juu ya kii, na hata ukikaza nati kwa nguvu zako zote haijashika shafti. Piga tupa kii kidogo kidogo kwa juu, jaribu tena. Nimeona vitovu vilivyopasuka kwa sababu hii tu.

Nati nyembamba kwanza, nene juu yake, pini, anodi mpya. Hayo mnayajua.

Majini, bodi ikiwa safi, injini imepata moto, hakuna upepo wala mkondo: sukuma mafuta mpaka mwisho. Injini hii lazima ifike 3000 au karibu sana. Ikikwama 2600 na kutoa moshi mweusi, propela ni kubwa mno na inaichosha injini. Ikipita 3000 kirahisi huku boti haisogei vizuri, ni ndogo. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko 150 hadi 200 hivi. Inchi moja ya kipenyo ni kama mbili au tatu za pichi, kwa hiyo anza kurekebisha pichi. Fundi wa propela anaweza kuikunjua au kuikunja inchi moja bila ununue nyingine. Mpelekee namba ulizosoma kwenye mita, siyo maelezo ya "inaenda polepole".