Jalada Kwanza: Kufundisha Uzamili wa Utawala wa Umma kwa Watu Walio Kazini

Ndugu wahadhiri wenzangu, hasa ninyi mnaoanza muhula huu kufundisha darasa la uzamili wa utawala wa umma,

Mtu atakayeketi mbele yenu saa 11 jioni si kijana aliyetoka kidato cha sita. Ni afisa utumishi, mweka hazina, afisa mipango, mtendaji wa kata. Ameingia ofisini saa 1:30 asubuhi, ametoka saa 9:30 alasiri, akagombania daladala hadi chuoni. Ameandika madokezo mengi ya kiofisi kuliko wengi wetu. Mkimsomea slaidi 60 za sifa za urasimu kwa mujibu wa mwanasosholojia Mjerumani Max Weber atazinakili, atazirudisha kwenye mtihani, na Jumatatu atafanya kazi vilevile alivyoifanya Ijumaa. Ombi langu kwenu ni hili: somo lianze na karatasi ya serikali iliyo mezani, kisha nadharia iitwe ije kuisoma karatasi hiyo.

Nadharia ina kazi yake, ila ije na mazingira ilikozaliwa. Woodrow Wilson, msomi aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipoandika mwaka 1887 kwamba utawala utenganishwe na siasa, Marekani ilikuwa inajinasua kwenye desturi ya kugawa kazi za serikali kwa makada wa chama kilichoshinda. Sheria ya Pendleton, iliyotaka kazi za serikali zitolewe kwa sifa, ilikuwa imepita miaka minne tu kabla. Hilo lilikuwa jibu la swali lao. Mwanafunzi aulizwe: ni swali gani letu linalojibiwa hapo, diwani na mkurugenzi wanapovutana juu ya mradi wa kata? Naye Herbert Simon, msomi mwingine wa Marekani, mwaka 1946 alisema kanuni za utawala zina tabia ya methali: kila moja ina mwenzake anayeipinga. Hapa Mswahili hahitaji maelezo marefu. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kanuni moja inasema mkuu asimamie watu wachache ili awamudu. Nyingine inasema ngazi za uamuzi ziwe chache ili jambo lisichelewe. Ukipunguza watu chini ya kila mkuu, ngazi zinaongezeka. Wape wanafunzi muundo wa halmashauri, wauchore ubaoni kwa kanuni zote mbili, wajionee.

Tusisahau kwamba tuna hazina yetu wenyewe. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Mwaka huohuo wa 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, uliowapa mamlaka maafisa wa serikali kuu mikoani na wilayani, zikarejeshwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi tena 1984. Miaka 12 nchi iliendeshwa bila halmashauri za wilaya. Inasikitisha kuona mada ya ugatuaji, yaani kushusha madaraka kwa serikali za mitaa, ikifundishwa kwa mifano ya ng'ambo tupu.

Sasa tuje kwenye saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje yake. Somo la krediti 12 ni saa 120. Mkikutana saa 3 kwa wiki kwa wiki 15, mmetumia 45. Zimebaki 75, yaani saa 5 kila wiki, na huyu ni mtu mwenye kazi na familia. Ukimpa makala nne za kurasa 30 kwa wiki hatasoma hata moja. Mpe moja ya lazima, na karatasi moja ya serikali ya kurasa zisizozidi sita. Tena dakika 20 za kwanza za kipindi wasome kimya darasani. Wahadhiri wengi huona huko ni kupoteza muda, lakini bila dakika hizo mjadala huendeshwa na watu watatu waliosoma, na waliobaki hutikisa vichwa.

Chukueni mfano wa mikopo ya asilimia 10. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Buni halmashauri iliyokisia kukusanya shilingi bilioni 2, ikakusanya bilioni 1.2, ikatoa mikopo ya milioni 84. Tuchukulie yote ni mapato yasiyolindwa, yaani hayajafungiwa matumizi maalumu. Pengo ni kiasi gani? Anayepiga hesabu kwa makisio atasema milioni 116. Anayepiga kwa makusanyo halisi atasema milioni 36, kwa sababu asilimia 10 ni milioni 120, yaani 48, 48 na 24. Ndani ya tofauti hiyo ya milioni 80 kuna somo zima: makisio ni nini, nani huyapandisha na kwa nini, mkaguzi anapima kwa kipi, na diwani anawaambia nini wapiga kura wake.

Gawa nafasi: mkurugenzi kama afisa masuuli (msimamizi mkuu wa fedha za halmashauri), mweka hazina, afisa maendeleo ya jamii, mwenyekiti wa kamati ya fedha, mkaguzi wa ndani. Dakika 40 za makundi, 45 za mjadala, kisha kila mmoja aandike dokezo la ukurasa mmoja: suala, ukweli wa jambo, njia zilizopo, pendekezo. Alama nyingi ziwe kwenye pendekezo, maana hapo ndipo maafisa wetu hukwepa. Wataandika "suala hili liangaliwe kwa umakini", bila kusema nani aliangalie, lini, kwa kasma (fungu la bajeti) ipi. Dokezo la namna hiyo lirudishwe.

Kuna jambo moja linaloua mjadala bila mhadhiri kulitambua: bosi na aliye chini yake kuwa darasa moja. Mdogo hatampinga mkubwa wake mbele za watu, hata kwenye halmashauri ya kubuni. Waweke makundi tofauti, mkubwa apewe nafasi ya mtendaji wa kijiji, na maoni yaandikwe kabla ya kusemwa. Jingine: wanafunzi wasilete majalada ya ofisini kwao. Jalada la masijala haliondoki kwa sababu ya darasa, na mengine ni ya siri kisheria. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Kumbukumbu Rasmi za Bunge, vitabu vya bajeti na Gazeti la Serikali vinatosha kwa miaka mingi.

Tasnifu ndiko wanakokwama wengi, na kosa huanza kwenye kichwa cha habari. "Changamoto za utekelezaji wa sera fulani katika halmashauri fulani." Jibu lake linajulikana kabla ya utafiti: upungufu wa fedha, watumishi na magari. Mlazimishe aulize swali linaloweza kumshangaza. Kwa nini kata mbili za halmashauri moja, zenye ikama (idadi ya watumishi) sawa, zinatofautiana katika marejesho ya mikopo?

Kisha inakuja fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, inayonakiliwa kama dua. Mwanafunzi ana watumishi 60, anaweka kosa la asilimia 5, anapata 52, halafu anawachagua kwa kusudi, wale anaowaona wanafaa. Fomula ile inadai uteuzi wa bahati nasibu. Bila huo, 52 haina maana yoyote. Kwa watu 60 awahoji wote, au awahoji kwa kina 12 na aseme wazi kwa nini hao. Na kibali kianze mapema. Barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na kwa mkurugenzi, hadi kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, na kila meza inaweza kula wiki. Asipange kwenda kwa mweka hazina mwishoni mwa Juni, vitabu vinapofungwa.

La mwisho ni lugha. Tunafundisha kwa Kiingereza, lakini muhtasari wa mkutano wa kijiji umeandikwa kwa Kiswahili na mhojiwa atajibu kwa Kiswahili. Tasnifu nyingi zinaharibikia kwenye tafsiri ya dodoso. Neno "uwajibikaji" ni mfano mzuri. Mtafiti anamaanisha kiongozi kutoa maelezo ya aliyoyafanya. Lakini kwa wasikilizaji wa siasa zetu kiongozi "aliyewajibika" ni aliyejiuzulu, na "aliyewajibishwa" ni aliyeadhibiwa. Ukiuliza "Je, kuna uwajibikaji hapa kijijini?", mmoja anajibu kuhusu mapato na matumizi kusomwa mkutanoni, mwingine kuhusu mtendaji aliyehamishwa. Basi swali liwe la tendo: katika miezi 12 iliyopita, mapato na matumizi ya kijiji yalisomwa mbele ya mkutano mkuu mara ngapi? Dodoso lijaribiwe kwa watu 8 hadi 10 wasiokuwa kwenye sampuli, kila mmoja aulizwe ameelewa nini, na mtu mwingine alirudishe kwenye Kiingereza bila kuona la awali. Msimamizi asitie saini kabla ya kuona karatasi zote mbili.