Iacheni Themostati Ifanye Kazi Yake

Nianze na swali ambalo najua mmekuja nalo, maana kila ninaposimama mbele ya madereva na mafundi hilo ndilo la kwanza: "Mwalimu, gari likichemsha, si tung'oe tu themostati?" Hapana. Asanteni kwa kunisikiliza, mnaweza kwenda nyumbani.

Naona hamwendi. Haya, tuendelee.

Themostati ni kilango kinachozuia maji ya injini yasiende kupozwa kwenye rejeta mpaka yapate joto. Namba iliyogongwa juu yake, iwe 82, 88 au 92, ni nyuzi za Selsiasi ambapo mdomo wake huanza kufunguka. Nimesema huanza. Ndani mna nta maalumu. Ikipata joto inayeyuka, inatanuka, inasukuma pini, springi inashindwa nguvu na mdomo unaachia. Mpaka ufunguke wote, joto lazima lipande nyuzi nyingine 10 hadi 15. Kwa hiyo ya 82 inakuwa wazi kabisa kwenye 95 hivi, na ya 88 kwenye 100 na kitu.

Shikeni hapo hapo, kwa sababu ubishi wote unaishia hapo. Gari limebeba mzigo, linapanda mlima, maji yamefika 110. Themostati ya 82 iko wazi yote. Ya 88 nayo iko wazi yote. Zina tofauti gani tena? Kuanzia hapo wenye kazi ya kupoza ni rejeta, feni na pampu ya maji. Themostati inalinda joto la chini, injini isishuke hapo. Joto la juu halikuwa jukumu lake hata siku moja. Ukimtolea mteja ya 88 ukamwekea ya 71 eti gari linachemsha, umemwahirishia kuchemsha kwa dakika chache. Rejeta iliyoziba bado imeziba.

"Lakini mwalimu, mimi niliing'oa na gari likapona." Sawa. Basi themostati yako ilikuwa imekwama ikiwa imefunga. Dawa ya themostati mbovu ni themostati nzima.

Tena kuna magari yanayozidi kuchemsha baada ya kung'olewa, na mafundi wanabaki wanakuna vichwa. Kwenye injini nyingi themostati ina visahani viwili: cha mbele kinafungua njia ya kwenda rejeta, cha nyuma kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini moja kwa moja. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo bila kuiona rejeta. Halafu anatokea mjuzi anasema maji yalipita mbio mno yakakosa muda wa kupoa. Hadithi! Maji yakienda mbio, yanarudi kwenye rejeta upesi vilevile. Tatizo ni yale yasiyofika kabisa.

Sasa niwape kisa cha pikapu. Mwenyewe alilalamika gari linakunywa mafuta kupita kiasi. Alishabadilishiwa plagi, eakilina, pampu ya mafuta na sensa ya ekzosi, na fundi wa mwisho akamshauri aliuze. Nikamuuliza swali moja: mshale wa joto unakaa wapi? Akajibu kwa fahari, "Uko chini kabisa mwalimu, injini yangu haijui joto ni nini!"

Nikafungua kifuniko cha oili. Chini yake umeganda ute mzito wa rangi ya maziwa. Plagi zile mpya zimevaa masizi meusi. Tukaunganisha mashine ya kupimia: kodi ya hitilafu P0128, yaani maji hayafikii joto linalotakiwa, na baada ya mwendo mrefu maji yako nyuzi 63. Tulipofungua nyumba ya themostati tukakuta tupu, pamezungushiwa silikoni vizuri sana. Aliyefanya kazi ile alikuwa na mkono safi, nampa haki yake.

Oneni kilichokuwa kinatendeka. Sensa ya maji inaiambia kompyuta kwamba injini bado ya baridi, na kompyuta inaongeza petroli, kama inavyofanya asubuhi gari likiwashwa. Ila kwa pikapu ile asubuhi haikuisha. Petroli ikigusa ukuta baridi wa silinda haigeuki mvuke yote. Inayobaki inaosha oili ukutani, inapenya kwenye ringi za pistoni na kushukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Na ute ule je? Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji. Mengi yanatoka kwenye ekzosi kama mvuke, lakini machache yanapenya kuingia kwenye oili. Oili ikiwa ya moto inayafukuza kupitia tundu la kupumulia. Ikiwa ya baridi yanakaa, yanachanganyika na uchafu, yanakuwa asidi, na beringi zinaanza kulika.

Tukaweka themostati ya 88, ile iliyoagizwa na kiwanda. Kesho yake mwenye gari akanipigia simu kwa hofu: mshale umefika katikati, asimame au aendelee?

Wapenzi wa mbio, msinune. Ni kweli magari ya mashindano huwekewa ya 71. Silinda hedi ikiwa ya baridi kidogo injini haigongi upesi, yaani mafuta hayalipuki ovyo ndani ya silinda, hewa inayoingia inakuwa nzito zaidi, na cheche inaweza kuwahishwa. Hapo nguvu inaongezeka. Lakini injini ile imepangwa upya yote kwa ajili hiyo, na oili yake haizeeki humo. Wewe wa kwenda kazini na kurudi, ukibadilisha themostati peke yake bila kugusa mpangilio wa kompyuta, utapata nini zaidi ya bili ya mafuta?

Upande wa joto la juu nitaukimbiza. Oili ya moto ni nyepesi, msuguano unapungua, mafuta yanaungua vizuri. Ndiyo sababu kuna injini za sasa zenye themostati ya umeme: safari ya taratibu zinakaa karibu 105, ukikanyaga mpaka mwisho kompyuta inaipasha nta moto ifunguke mapema, joto linashuka. Msiogope 105. Mfuniko wa rejeta wenye kushikilia shinikizo la baa moja unafanya hata maji matupu yasichemke mpaka 120 hivi. Mfuniko ukilegea, hapo ogopeni.

Dizeli nilitaka kuipa nafasi yake, ila naoneshwa saa. Kupima themostati basi, haraka. Ining'inizeni kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Pasheni taratibu. Ifunguke karibu na namba yake, na ikipoa ifunge yote. Mkiirudisha, ile pini ndogo inayochezacheza ikae juu, hewa ipate pa kutokea. Ikikaa chini, hewa inanaswa pale, maji ya moto hayaigusi nta, gari linachemsha, na lawama zote zinamwangukia muuza spea.