Unene wa Mgonjwa na Jicho la Muuguzi

Ndugu wakufunzi, wauguzi wenzangu na wanafunzi,

Kumdharau mgonjwa kwa sababu ya unene wake hakufundishwi darasani. Mwanafunzi huliokota jambo hilo wodini, wakati wa kukabidhiana zamu, anaposikia mgonjwa akitajwa kwa mwili wake kabla ya ugonjwa wake, na waliomtangulia kazini wakacheka.

Chukueni mkanda wa kupimia shinikizo la damu. Ukiwa mdogo kuliko mkono unaofungwa, kipimo husoma juu ya hali halisi, na mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa asiyoihitaji. Mahali ambapo mkanda mpana haupo, muuguzi huung'ang'aniza ule mdogo, unafyatuka, anaguna, naye mgonjwa anaelewa kwamba mwenye kosa ni mkono wake. Ndivyo ilivyo pia katika kumgeuza kitandani. Migongo yetu inaumia kweli, na silisemi hili kwa wepesi. Lakini lawama ya kukosa vifaa vya kunyanyulia na ya zamu yenye watu wachache haimhusu aliyelala pale.

Tunapenda kujikinga kwa namba. Kanuni ya kugawanya uzito kwa mraba wa urefu ilitokana na Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, ambaye alikuwa akichunguza makundi ya watu, si kumtibu mtu mmoja. Kanuni hiyo, kwa kilo na mita, ikitoa namba 30, inatuambia kwamba mtu amefikia kiwango cha unene uliokithiri, haituambii amefikaje. Urithi, usingizi, homoni na kipato vyote vinahusika, na vilevile dawa: insulini, steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza uzito, nasi ndio tunaozigawa. Mwaka 2020, tamko la wataalamu wa kimataifa lililochapishwa katika jarida la Nature Medicine lilieleza wazi kwamba kuuona unene kuwa zao la uvivu na ulafi kunapingana na ushahidi wa kisayansi.

Dharau hii ina madhara ya kitabibu. Mgonjwa anayelalamika kuishiwa pumzi akaambiwa apunguze mwili kwanza, anaweza kuwa na damu iliyoganda mapafuni. Aliyeaibishwa mara moja huahirisha kurudi, na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa huduma anazoziepuka.

Semina ya siku moja kuhusu huruma sina imani nayo sana. Ninachowaomba wakufunzi ni kwamba katika mtihani wa vitendo mwanafunzi apewe alama kwa kuchagua mkanda unaolingana na mkono, kwa kuomba ridhaa kabla ya kumpandisha mgonjwa kwenye mizani, na kwa kuiandika namba ile bila kuitangaza mbele ya wengine.