Robo ya ng'ombe: kutoka kwa mfugaji hadi kwenye friza

Haya, hamjambo watazamaji wangu. Karibuni jikoni kwangu hapa Otiende, Nairobi. Hii mnayoiona mezani ni robo ya ng'ombe, kilo 37, imetoka machinjioni Kiserian. Mmeniuliza sana nanunuaje nyama ya miezi miwili kwa mpigo bila kupitia bucha, basi leo ndiyo siku yake. Mwanangu, shusha kamera kidogo, unaonyesha kabati.

Kwanza, tafuteni wenzenu. Sisi ni familia nne: mimi, dada yangu na majirani wawili. Tunanunua kwa mzee mmoja wa Isinya anayefuga ng'ombe wa aina ya Sahiwal na Boran, naye hutupigia mvua ikishanyesha na malisho yakarudi. Wakati wa kiangazi mimi sinunui. Ng'ombe amekonda, utalipia mifupa.

Halafu bei. Ng'ombe wa kilo 300 akiwa hai, ukishatoa kichwa, ngozi, kwato na matumbo, hubaki kama nusu. Kilo 150, na hapo mifupa bado imo. Kwa hiyo kabla hamjatuma M-Pesa ulizeni: hiyo ni bei ya kilo ya ng'ombe anayetembea au ya nyama iliyotundikwa? Watu wamenuniana na mashemeji zao kwa swali hilo moja tu.

Na asichinjwe nyuma ya boma. Hata kama mzee ni mwaminifu kama wetu, apelekwe machinjioni, kwa sababu kule kuna mkaguzi. Jana nilisimama nikamtazama: alipasua mashavu na moyo kutafuta vifuko vya tegu, akalifungua ini kuangalia minyoo, ndipo akagonga muhuri. Sogea hapa, mwanangu, karibu zaidi... mnauona huo wino kwenye paja? Nyama isiyo na wino huo haiingii kwangu. Na safari ya kuja mjini ni kwa gari la sanduku lenye kibali cha kubeba nyama, si kwenye buti ya gari la mtu.

Kukata sitawaonyesha. Mwachie mkataji, mpe maagizo yako: sarara isiguswe, kidari vipande vikubwa, mbavu za kuchoma, mifupa ya supu, iliyobaki isagwe. Nundu ni moja, sisi hupokezana, na safari hii ni zamu yangu. Nimeingoja tangu mwaka jana!

Sasa, hapa naomba mnisikilize vizuri. Nyama yenye joto usiitie kwenye friza. Narudia: yenye joto, usiitie. Mara yangu ya kwanza niliichukua alfajiri ileile aliyochinjwa, paja zima likiwa bado na uvuguvugu, nikalisukuma ndani na kufunga mfuniko. Siku ya tatu nikakata. Juu barafu, lakini kando ya mfupa palikuwa laini, rangi imegeuka, na harufu imechacha. Nililitupa lote, na niliumia sana, maana ilikuwa pesa ya karo. Siku hizi tunalipia itundikwe usiku mzima kwenye chumba cha baridi, tunachukua kesho yake. Hata ulaini unatofautiana, kwa sababu ikipigwa baridi kali mapema mno misuli hujikunja ikawa migumu.

Na hata ikiwa imepoa, usirundike. Friza yangu ni ya lita 200, naipa kilo 10 kwa siku, basi. Nyingine inangoja kwenye friji. Ya kusaga na maini huanza, hayo hayavumilii. Mapande makubwa hungoja siku mbili tatu. Tazameni ninavyofanya: nyama ya kusaga naibonyeza kwenye mkebe hadi iwe bapa, unene wa vidole viwili. Hivi. Si donge. Mkebe naugusisha ukuta wa friza, ndiko kwenye baridi... ngoja, lenzi imeshika ukungu. Ifute. Na kitambaa kikavu, mwanangu, si hicho cha nyama!

Mifuko ya plastiki tuliagana nayo Agosti 2017, na mimi naona mikebe ni bora hata hivyo. Hii ya bapa ninaiuza mwenyewe, ya mraba, inapangika bila kuacha nafasi. Andika juu yake kipande gani na tarehe. Ya kusaga imalizeni ndani ya miezi mitatu, minne.

Eh! Stima zimepotea. Usizime kamera, washa tochi ya simu. Vizuri, maana hili nilitaka kulisema. Stima zikienda, usifungue friza. Usichungulie! Ikiwa imejaa na imefungwa, hukaa na baridi kama saa 48. Ikiwa nusu, saa 24. Kinachoipoteza nyama ni ule wasiwasi wa kufungua kila nusu saa kuangalia kama imeyeyuka. Mimi huweka blanketi juu ya mfuniko na kuwaambia watoto mlango umefungwa.

Basi, friza nimeifunga. Gesi haihitaji stima, leta sufuria na vitunguu viwili. Ini hili ni la leo.