Mwaka wenyewe ndo silabasi: mazungumzo na wazazi wa Mbweni, Unguja, juu ya kuwafundisha watoto wadogo nyumbani

Bwana Yesu asifiwe. Karibuni mkae kitako, wenye watoto wachanga sogeeni huku mlangoni kuna upepo, na nyinyi kina bibi mliokaa nyuma kabisa njooni mbele maana nyinyi ndo mna hadithi kuliko mie.

Nimeombwa nizungumze habari ya watoto wadogo, hawa wa miaka mitatu mpaka saba hivi, vipi tuwafundishe nyumbani kwa hadithi za Biblia na kazi za mikono na sikukuu zetu. Na mie nina jambo moja tu kubwa, mengine yote yanatoka humo: mwaka wa kanisa na mwaka wa kisiwa chetu ukiviweka pamoja umeshapata silabasi, huna haja ya kitabu cha ng'ambo wala kuprinti makaratasi ya rangi, mtoto apewe hadithi kwa mdomo wa mzazi wake, na mikono yake ipewe kitu cha kushika, kitu cha hapa hapa, basi atajifunza dini na hesabu na kusema vizuri, vyote kwa mpigo mmoja.

Kabla sijaingia ndani niseme hili mapema, kwa sababu nimesikia wapo wanaosema "basi mie skuli simpeleki tena". Hapana, mama zangu. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 imeweka miaka miwili ya maandalizi, sita ya msingi na minne ya sekondari kuwa elimu ya lazima, kwa hiyo mtoto akifika umri wa maandalizi aende, tena aende kasafi na mapema. Ninayoyazungumza mie ni ile miaka ya kabla ya hapo, na jioni, na Jumamosi, na likizo, na hizo saa ni nyingi mno na sasa hivi nyingi zinaliwa na simu, mtoto anatizama katuni za YouTube mpaka usingizi unamchukua na sie tunasema ametulia. Ametulia, ndio, lakini hakuna alichokishika.

Na hapa Mbweni kazi ya kulea watoto kwa kitabu na mikono si ngeni. Mnajua wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, waliwaweka hapa watumwa waliokombolewa, na skuli ya wasichana ikawa hapa hapa, Bi Caroline Thackeray akafika 1877 akafundisha akazeeka hapa hapa, akafa 1926 na kaburi lake lipo hapo kanisani tunapita kila siku. Watoto wale walitolewa kwenye majahazi, hawana mama wala baba, kila mmoja kwao kwengine, na walikaa wakafundishwa kusoma, kushona na kusuka mikeka. Kama ilifanyika kwa watoto wale, mtoto wangu na wako mwenye mama wa kumpakata anashindwaje?

Haya, tuje kwenye hadithi. Mie nitachukua moja niifungue yote, hizo nyengine mtazifungua wenyewe.

Safina ya Nuhu. Kwanza usimsomee, msimulie. Soma mwenyewe usiku, funga kitabu, asubuhi umwambie kwa maneno yako huku unamtizama usoni. Na mie sianzi na "Paukwa, Pakawa" kwenye hadithi za Biblia, hii ni rai yangu na nnaishika, Paukwa ina mlango wake, ina sungura na fisi na sultani, mtoto akiingia mlango ule anajua tunaburudika, hadithi ya Neno la Mungu naianza kwa kuweka Biblia mbele yake juu ya mkeka hata kama siifungui, na anajua hii ni ile nyengine.

Sasa Biblia imetoa vipimo, dhiraa 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu. Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, bibi zetu walipimia nguo hivo hivo. Basi mtoto anyooshe mkono wake apime mkeka, apime mlango, apime mlalo wa paka akikubali, kisha mpime kwa mkono wako wewe, aone kwamba dhiraa ya mama inazidi yake, hapo hapo ameshaanza hesabu za vipimo na hajaona ubao. Baadae mchukue kiwanjani jioni mtembee urefu wa safina, dhiraa 300 ni kiasi cha mita 135 na zaidi, yaani uanze goli hili upite goli la pili na bado unakwenda, mtoto atakuuliza "bado tu?" nawe umwambie bado, endelea. Hiyo "bado" haitomtoka kichwani.

Halafu mikono. Tafuta karara la mnazi, lile gome la ua la mnazi linaloanguka likiwa limejikunja kama mtumbwi, kila mtaa wenye mnazi yapo yanaoza bure. Hilo ndo safina yenu. Ukitaka ya vipimo sawasawa kata boksi, sentimita 30 kwa 5 kwa 3, itatoka nyembamba ndefu, na watoto wanashangaa kwa sababu kwenye picha za vitabu safina imechorwa fupi, nene, twiga ametoa shingo juu. Biblia yetu ya Kiswahili imesema mti wa mvinje, basi nendeni pwani mkaokote yale matunda madogo ya mvinje yenye miba miba, yawe mizigo ya ndani. Wanyama wafanyeni kwa komwe za bao, mbili mbili, komwe mbili ng'ombe, komwe mbili kima punju, wale kima wekundu wetu wa msitu wa Jozani nao waingie, kwanini wasiingie? Mtoto wa miaka minne akihesabu komwe mbili, nne, sita, nane mpaka zinaingia zote, hajui kama amefundishwa kuhesabu kwa mbili.

Na ile lami Nuhu alioambiwa aipake safina ndani na nje. Atakayepata nafasi ya kumfikisha mtoto Nungwi, kule wanakounda majahazi, amsimamishe aone fundi anavyokalafati, pamba iliyolowana mafuta inapigwa kwa nyundo na patasi kwenye mwanya wa mbao, tko tko tko, na chini ya chombo wanapaka shahamu, mafuta ya mnyama, iliyochanganywa na chokaa, harufu yake kali inakaa kwenye nguo. Mwache anuse. Mwache aulize kwanini, na fundi amjibu maji yasiingie. Akirudi nyumbani umsimulie tena Nuhu, utaona yeye ndo anakusimulia wewe. Na usisahau mama yake Musa nae alikipaka kile kisafina cha manyasi kabla ya kumtia mwanawe, kwa hivo siku utakayofika kwa Musa mtoto ameshajua kwanini mama alipaka, na hapo unafunza jambo kubwa sana bila ya kulitamka, mama anafanya kazi ya mikono yake kwa uangalifu halafu anamwachia Mungu.

Nyengine nazipita. Goliathi alikuwa na dhiraa sita na shibiri, pima kwenye mnazi utie alama ya chaki, mtoto asimame chini yake atizame juu. Mikate mitano na samaki wawili, kuna mtoto ndani ya hadithi ile, mpe mwanao awe yeye, na samaki msimwekee wa karatasi, mwekeni kapuni dagaa wawili wa kweli. Yona, shuka na uvungu wa kitanda vinatosha.

Sasa sikukuu. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu linaniuma. Krismasi nnaingia nyumba za watu nnakuta mti wa plastiki umebandikwa pamba, eti theluji. Theluji ya wapi, jamani? Desemba hapa ni kaskazi inaanza kuvuma, jua linawaka, maembe yamejaa sokoni Darajani, ndo Krismasi yetu hiyo na Mungu ndo alotupa. Kata tawi la mvinje, pambeni kwa nyota za chane za miyaa, mtoto wa miaka sita anaweza kusuka ukili mwembamba ukimfunza taratibu, pango lifanyeni kwa makumbi ya nazi, hori kwa kifuu. Na hadithi ya Krismasi tunayo ya hapa hapa mjini, wambieni watoto: soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa Juni 1873, na siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale walipokuwa wakiuzwa watu. Wapelekeni wakaone. Mtoto mdogo haelewi utumwa wote na usimweleze yote, mwambie tu hapa watu walilia na sasa hapa watu wanaimba, inamtosha mpaka akue.

Kwaresima. Miaka hii imekuwa inakutana na Ramadhani, 2025 Ramadhani iliingia mwanzo wa Machi na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5, na hii mie naiona ni fursa kubwa kwa mlezi. Mtaa mzima umefunga, mtoto anaona hakuna anaekula njiani mchana, basi nae umfunze asitoke na biskuti barazani, na umwambie sie nasi tupo kwenye siku arubaini za kujinyima, kipi wewe utajinyima? Atasema kitu kidogo, pipi, au katuni. Kipokee hicho hicho. Jioni jirani akileta sahani ya futari mtoto ndo airudishe ile sahani, na isirudi tupu.

Na hapo hapo niseme la majirani kwa sababu mmoja wenu ameniuliza pale nje. Watoto wa majirani watakuja tu, wakiona komwe na karara watakuja, na Nuhu wanamjua, Musa na Yusuf wanawajua, na Yona kwao ni Yunus, wamefundishwa chuoni kwao kwenye Kurani. Waacheni wacheze. Lakini usimfundishe mtoto wa mtu dini yako kwa mlango wa mchezo, mama yake hajakuruhusu, na sie tumeishi hapa kwa kuheshimiana. Na mwanao akirudi akakwambia "mwenzangu kasema mtoto alotaka kuchinjwa na Ibrahimu ni Ismaili", usimkebehi mwenzake, mwambie kwetu tunasoma Isaka, wao wanavyofunzwa ndo hivo, basi, mchezo uendelee.

Jumapili ya Matawi makuti tunayo, sina la kuongeza, ila msiyatupe, wekeni vile vimsalaba vya makuti ukutani mpaka mwakani, vichomwe viwe majivu ya Jumatano ya Majivu, mtoto aone mwaka unavyozunguka. Pasaka huwa inaangukia karibu na masika au ndani yake, na hapo ipo kazi moja naipenda kuliko zote. Alhamisi Kuu usiku mroweke choroko. Ijumaa Kuu mchana mtoto azifukie mwenyewe kwenye sahani yenye pamba mbichi, azifunike kwa kifuu, na asifunue Jumamosi hata akilia. Jumapili alfajiri kabla ya kwenda kanisani afunue, kwa joto letu hili zimeshapasuka zimetoa mkia mweupe. Usihubiri, mwache atizame, yeye ndo atakaekwambia. Mayai ya rangi nayo hayataki rangi ya dukani, chemsha kwa manjano yatatoka ya njano kweli kweli, chemsha kwa maganda ya vitunguu yatatoka ya udongo.

Na msimu wa karafuu, wenye watu wao Pemba mnajua, mtoto akae jamvini achambue karafuu azitenge na makonyo, vile vijiti vyake, huku anasimuliwa Ruthu akiokota masazo shambani kwa Boazi. Sikukuu ya mavuno ikifika kanisani apeleke kibaba chake mwenyewe, alichochambua kwa vidole vyake.

Kuna baba hapa ameandika kwenye karatasi, "mie kusoma kwenyewe sijui vizuri, ntafundisha nini?" Nakujibu baba yangu kwa heshima: mtoto wako mkubwa akusomee usiku, mara mbili, mara tatu, mpaka hadithi ikukae, halafu wewe ndo umsimulie mdogo. Mkubwa kapata kusoma, wewe umepata hadithi, mdogo kapata baba. Na kama kazi yako ni uvuvi basi Petro na nyavu zake hakuna mtu humu ndani atakaemsimulia kuliko wewe, mpe mtoto kipande cha wavu kilichochanika mshone pamoja huku unasema.

Tumalizie ya wiki ijayo. Adventi, majuma yetu ya kuingoja Krismasi, inaanza Jumapili iliyo karibu na tarehe 30 Novemba, kwa hivo Jumamosi tunasuka duara za mishumaa hapa hapa, saa tisa. Kila nyumba ije na matawi ya mvinje, waya au fito laini, na mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Mama ameuliza kama haipati ya rangi: chukua ile myeupe ya umeme ukikatika, ifunge utepe wa kitambaa cha zambarau, fundi cherehani yeyote ana vipande vya kutupa, na utepe ufungwe chini kabisa, mbali na moto. Watoto waje nao, na waje wameshakula.