Moja Ni Ipi? Mhadhara kwa Wanaoanza Ikolojia na Mageuko ya Viumbe

Wanafunzi wapenzi, karibuni.

Mtaulizwa mara nyingi kama mnasomea utunzaji wa mazingira. Utunzaji unaitegemea ikolojia, lakini si kitu kimoja. Ikolojia inauliza kwa nini kiumbe fulani yuko hapa na pale hayupo, na kwa nini wako wengi kiasi hiki. Somo la mageuko linauliza imekuwaje wakawa hivi walivyo. Maswali yote mawili hujibiwa kwa kuhesabu, na ndiyo maana takwimu haikwepeki katika shahada hii. Leo nitakaa kwenye swali ambalo wengi hulifikia wakiwa wamechelewa, mwaka wa mwisho, data ikiwa imeshakusanywa na muda umekwisha: katika hesabu yako, moja ni ipi, yaani kitu kimoja unachokihesabu ni kipi?

Tuanze na kwadrati. Ni fremu ya mraba. Kwa nyasi na mimea midogo hutumika sana ya mita 1 kwa mita 1, na kwa miti hupimwa kiwanja cha mita 10 kwa 10 au 20 kwa 20. Umeilaza chini. Mmea wa kwanza umeota ndani, wa pili nje, na wa tatu shina lake limekaa juu ya ukingo wenyewe. Utauhesabu? Kanuni ni hii: chagua pande mbili zinazokutana, tuseme kaskazini na mashariki, ulioota juu ya pande hizo uhesabu, ulioota juu ya pande mbili nyingine uache. Kanuni hiyo iandikwe daftarini kabla ya kuhesabu mmea wa kwanza. Ukihesabu kila kilichogusa ukingo, wingi utazidi ukweli, na kwadrati ndogo ndiyo itakayokudanganya zaidi. Fremu ya mita 1 ina mita 4 za ukingo kwa mita 1 ya mraba. Fremu ya nusu mita ina mita 2 za ukingo kwa robo ya mita ya mraba, yaani mita 8 kwa kila mita ya mraba. Makosa ya ukingoni yamepata nafasi maradufu.

Tena msiirushe fremu hewani mkasema mmechagua bila upendeleo. Mkono hufuata jicho, na jicho hupenda penye maua. Tandazeni futikamba mbili zinazokutana kwa pembe mraba, chukueni jozi za namba nasibu, mwende pale namba zinapowapeleka. Namba zikiwapeleka kwenye kichaka cha miiba, ingieni. Mkikikwepa, data yenu itasema miiba ni michache eneo hilo.

Kuna mimea isiyohesabika kabisa. Nyasi zinazotambaa chini kwa chini zinaweza kuchipua machipukizi mia kutoka kwa mmea mmoja. Hapo acha kuhesabu, kadiria asilimia ya ardhi iliyofunikwa. Miti nayo ina mtego wake: kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, na mti uliogawanyika chini ya kimo hicho hupimwa kila shina peke yake, lakini mashina yote yanabeba namba moja ya mti. Mashina mawili ya sentimita 10 hayawi mti wa sentimita 20. Yanayojumlishwa ni maeneo, si vipenyo, kwa hiyo ni kipeuo cha pili cha 200 (10² kujumlisha 10²), kama sentimita 14.1.

Sasa nije kwenye kosa linaloharibu miradi mizuri kuliko yote. Mwanafunzi ana viwanja viwili. Kimoja anakiwekea mbolea, kingine hapana. Anaweka kwadrati 20 katika kila kiwanja, anahesabu spishi kwa uangalifu mkubwa, kisha anaandika kwamba ana sampuli 20 kwa kila upande. Hana. Anayo moja tu kila upande. Mbolea iliwekwa mara moja tu, na viwanja vile vinaweza kuwa vilitofautiana tangu mwanzo kwa udongo, kivuli au mteremko. Kwadrati 20 zinamweleza vizuri kiwanja kile; hazimwelezi mbolea imefanya nini. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert alilipa kosa hili jina, nasi tunaweza kuliita marudio bandia. Dawa yake haiongezi kwadrati hata moja: weka viwanja 8, piga kura 4 vipate mbolea, weka kwadrati 5 katika kila kimoja, chukua wastani wa kila kiwanja. Kwadrati ni zilezile 40, ila sasa una marudio 4 ya kweli kila upande. Jiulize: nilichofanyia jaribio ni kipi? Hicho ndicho moja. Kama samaki 30 wanakaa kwenye tangi moja lililopashwa joto, moja ni tangi.

Kwenye jenetikia ya makundi ya viumbe swali ni lilelile, ila limejificha. Godfrey Hardy na Wilhelm Weinberg walionyesha, kila mmoja kivyake, mwaka 1908, kwamba kundi kubwa linalozaana bila kuchaguana, bila uteuzi asilia, mabadiliko ya jeni wala wahamiaji, hubaki na uwiano wa p², 2pq na q². Jeni yenye sura mbili, A na a, ina aleli mbili; p ni sehemu ya aleli zilizo A, q ni sehemu zilizo a, na uwiano huo ni wa viumbe AA, Aa na aa. Chukueni samaki 200 kutoka mabwawa mawili: AA ni 90, Aa ni 60, aa ni 50. Hesabuni aleli, si samaki: kila samaki anabeba mbili, jumla 400. A ni 180 kujumlisha 60, yaani 240, hivyo p ni 0.6 na q ni 0.4. Msitafute q kwa kipeuo cha pili cha 50 gawanya kwa 200. Mtapata 0.5, na mtakuwa mmechukulia kuwa kweli jambo lilelile mnalotaka kulipima.

Tulitarajia AA 72, Aa 96 na aa 32. Kai-mraba, kipimo cha jinsi tulichohesabu kilivyo mbali na tulichotarajia, inatoka 28.1. Digrii ya uhuru ni 1, si 2, kwa sababu p tumeikadiria kutoka data hiyohiyo. Kikomo ni 3.84; ukikipita, tofauti si ya bahati tu kirahisi. Wenye Aa wamepungua mno. Mwanafunzi mwenye haraka anaandika: uteuzi asilia unawaua wenye Aa. Lakini tenganisheni mabwawa. La kwanza lina samaki 100: AA 81, Aa 18, aa 1. La pili: AA 9, Aa 42, aa 49. Pigeni hesabu upya, p ni 0.9 kule na 0.3 huku, na kila bwawa limekaa kwenye uwiano wake bila kasoro. Hakuna samaki aliyeuawa kwa kuwa Aa. Tulihesabu makundi mawili tukayaita moja. Hii huitwa athari ya Wahlund, na ndiyo ya kuangalia kabla hamjataja uteuzi, pamoja na kuzaana ndugu kwa ndugu na aleli ambazo kipimo cha maabara kimeshindwa kuzisoma.

Na katika mageuko yenyewe, kinachobadilika ni kundi. Peter na Rosemary Grant walipima finchi, ndege wadogo wanaokula mbegu, wa Daphne Major, kisiwa kidogo cha Galápagos katika Bahari ya Pasifiki. Ukame wa 1977 ulimaliza mbegu ndogo, zikabaki kubwa na ngumu kama za mbigili, na kundi la finchi wa ukubwa wa kati likapungua kwa karibu asilimia 85. Kiswahili chetu kina neno dogo linalotuponza hapa: ili. "Ndege walinenepesha midomo ili wavunje mbegu." Hakuna ndege aliyenenepesha chochote. Wenye midomo myembamba walikufa zaidi, na kwa kuwa unene wa mdomo hurithiwa, kizazi kilichofuata kilikuwa na midomo minene kwa wastani. Baada ya mvua kubwa za El Niño za 1983 mbegu ndogo zilijaa, na uteuzi ukageukia wenye midomo midogo. Mkiandika "ili" kwenye ripoti ya mageuko, simameni muulize: nani alikufa, nani alizaa, na je, tofauti hiyo ilirithiwa?

Wiki ijayo tunatoka nje. Njooni na penseli, kwa sababu wino huyeyuka karatasi ikilowa. Kila ukurasa uwe na tarehe, jina la aliyehesabu na namba ya kwadrati. Spishi iliyotafutwa isionekane iandikiwe 0. Isiyotafutwa iandikiwe NA, alama ya data isiyokuwepo, maana R, programu ya takwimu, ikikuta 0 pahali pa NA itashusha wastani wala haitawaonya. Na kila kikundi kilete mistari miwili iliyoandikwa tayari, kuhusu mmea mtakaouchagua: mtakachokihesabu kuwa mmea mmoja ni kipi, na mtafanyaje ukikutwa ukingoni.