Mkimya Hakununa

Ndugu zangu, nianze na neno ambalo wengi wetu tumelisikia, na baadhi tumelitamka: "Yule anajisikia." Husemwa juu ya mtu aliyeingia ukumbini, akasalimia, akakaa, asiongeze neno. Mwenzake anayezungumza na kila mtu naye haachwi, ataitwa mropokaji.

Mgawanyo huu wa hulka ulienezwa na Carl Jung, tabibu wa akili wa Uswisi, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1921. Alisema wapo ambao nguvu ya nafsi yao huelekea ndani, kwenye fikra, hao nitawaita wakimya, na wapo ambao huelekea nje, kwa watu na mambo, hao nitawaita wachangamfu. Wengi wetu tuko katikati, tukielemea huku au kule.

Lakini ninalotaka mlichukue leo ni jaribio la mwanasaikolojia Russell Geen, la mwaka 1984. Aliwapa watu kazi ya kujifunza huku wakisikia kelele masikioni, akawaachia wengine wajichagulie ukubwa wake. Wakimya walichagua kelele ndogo, wachangamfu kubwa. Kila mmoja katika kelele aliyoichagua, wakafanya kazi karibu sawa. Kisha wapo waliopewa kiwango cha wenzao. Wakimya waliopigiwa kelele kubwa wakazidiwa. Na wachangamfu, sikilizeni hili, walipowekwa kwenye utulivu wa wakimya, nao wakashuka. Kwa hiyo uwezo haukuwa na kasoro upande wowote. Kipimo cha kelele ndicho kilichokosewa. Mzazi anayemlazimisha mtoto wake mkimya "achangamke" kutwa nzima, na mwalimu anayemfungia mchangamfu kwenye ukimya wa saa tatu, wanafanya kosa lile lile.

Tusichanganye pia ukimya na haya. Mwenye haya anatamani kusema ila anaogopa kuhukumiwa. Mkimya huenda haogopi chochote. Hajaona haja tu. Na wapo wachangamfu wenye haya, wanaotamani watu huku wakiwaogopa. Hao nawahurumia kuliko wote.

Mchangamfu mara nyingi hufikiri kwa kusema. Sentensi yake ya kwanza kikaoni ni rasimu. Kwa miaka mingi niliwaona watu wa namna hiyo hawana msimamo, kwa sababu asubuhi wanasema hili na jioni lile. Niliwaonea. Walikuwa wanatafuta wazo mbele yetu, kama mwingine anavyolitafuta kimoyomoyo usiku kucha. Ndiyo maana siku hizi ajenda naituma siku moja kabla: mkimya aje na neno lake tayari, mchangamfu apate nafasi ya kulifinyanga hapo hapo.

Sasa ni wakati wa maswali. Kabla ya mkono wowote kunyooshwa, tukae kimya dakika mbili, kila mtu aandike lake. Baada ya hapo, anayependa kuongea na jirani yake kwanza, aongee. Anayependa kuniletea karatasi tu, nitaisoma.